Hatukuwahi Kupeana Namba

Nyumbani, 4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazi ya kufuma inakwenda. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema hivyo. Joto limezidi huku, bati la jikoni linalia mchana kutwa. Pale dobini tumeletewa pasi mpya ya mvuke, nzito kama gunia la saruji, na tajiri amekataza mtu kukaa wakati wa kazi. Jirani wa mlango wa pili, yule mwalimu, amejifungua salama mtoto wa kiume mwenye sauti ya tarumbeta.

Naona nazunguka. Nimeshachana karatasi kadhaa na zote zilianza hivi hivi, kwa joto na pasi.

Wifi, kama umesimama, kaa chini kwanza. Kaka yako hayupo. Bomba amefariki. Ilikuwa mwezi uliopita, tarehe tisa, siku ya Alhamisi. Alikuwa shambani kwa mteja. Alishuka kisimani kutoa pampu, akapanda juu vizuri, akakaa ukingoni akaomba maji ya kunywa. Aliyekwenda kumletea alirudi akamkuta ameinama, akadhani anaangalia kitu kilichodondoka chini. Daktari alisema ni moyo. Tulimzika kesho yake.

Najua utauliza kwa nini sikukuambia. Namba yako ilikuwa kwenye simu yake, na simu yake ilikuwa ikifunguka kwa kidole chake au kwa mchoro ambao hakuwahi kumwonyesha mtu. Mimi sikuwa nayo popote pengine. Miaka yote hii tumesalimiana kupitia kwake. "Wifi yako anakusalimu." "Mwambie nami namsalimu." Hatukuwahi kupeana namba. Nimepekua makabati na mifuko ya makoti mpaka nikapata bahasha ya kadi uliyotutumia siku za ndoa yetu, ina sanduku lako la posta mgongoni. Sijui hata kama bado ni lako.

Walikuja watu wachache. Majirani, wenzangu wa dobini, na yule mteja wa kisima na wanawe. Mtu ambaye hakuweza kuvuka barabara bila kusimamishwa na huyu na yule, amezikwa kama msafiri aliyefia njiani. Hilo ndilo linaloninyima utulivu.

Nijibu, hata kama ni kwa kunitukana.

Wifi yako,
mke wa Bomba


2 Machi

Wifi,

Salamu. Mwili wangu ni mzima. Kiwandani tumeingia msimu wa sweta za shule, kwa hiyo sote tumegeuka rangi ya manyoya ya kijani, hata puani. Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma amehama bila kuaga na kuniachia paka.

Barua yako ilikaa kwenye sanduku sijui kwa muda gani. Posta mimi huenda nikikumbuka. Niliifungua palepale kaunta nikidhani ni ya wauza nyuzi. Umeandika nikae chini kwanza kama nimesimama. Nilikuwa nimesimama, lakini macho yana haraka kuliko miguu, yalikuwa yameshafika kwenye mstari unaofuata. Karani ndiye aliyeniletea kiti.

Nilikuwa nampigia. Januari nzima hapatikani. Nikasema moyoni, huyu yuko visimani huko kusikokuwa na mtandao, kama kawaida yake, akirudi atapiga. Nikamwandikia ujumbe: "Bomba wewe, umezama?" Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa ndugu yangu, na alikuwa ameshalala ardhini.

Alikuwa akilicheka daftari langu la namba. Dada, alikuwa akiniambia, wewe utazikwa na penseli sikioni. Mimi naandika kwa penseli kwa sababu watu siku hizi wanahama namba kama wapangaji, bila kuaga. Yeye kila mtu alikuwa mfukoni mwake. Sasa mfuko umefungwa.

Lakini nikwambie ukweli. Jana nimelifungua daftari hilo, na wewe haumo. Mke wa ndugu yangu wa pekee, haumo. Yumo mpaka muuza mkaa aliyehamia kwa watoto wake. Hukuniomba namba, nami sikukuomba, na tukaridhika hivyo.

Wala sasa usiniombe. Kiwandani mashine zinanguruma mtu humsikii hata akikupigia kelele sikioni, na nikitoka nataka kimya. Na usiniambie nipige ile ya kaka. Sitaki kuisikia ikipokelewa na mtu mwingine. Ukiwa na neno, andika.

Mlimvisha nini? Niandikie.

Dada wa Bomba


Nyumbani, 15 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na pole tena, ingawa najua neno hilo limekuwa dogo. Mtoto wa mwalimu anaendelea kututangazia habari zake kutwa. Paka wako mpe jina kabla hajajipa mwenyewe.

Alivaa shati la bluu la mikono mirefu. Nililipiga pasi mimi mwenyewe, sikumpa mtu. Mkono wa kulia una doa la grisi ambalo nimepigana nalo tangu nilipoolewa na halikutoka, na siku ile nikashukuru kwamba halikutoka. Ujumbe wako usikuumize. Hakuna aliyeusoma wala anayeweza kuusoma.

Simu yenyewe ilizimika siku ileile mfukoni mwa suruali yake, nami sikuwa na moyo wa kuichaji. Ilikaa kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Baada ya kukuandikia ile barua ya kwanza nilipiga moyo konde nikaiwasha. Wifi, ilianza kuita kabla sijaiweka mezani. Kwa kuwa haijafunguliwa tangu iwashwe, haionyeshi majina, namba tupu. Ninachoweza ni kupokea tu. Napokea, nasikia "Bomba, uko wapi bwana?" kwa sauti ya mtu anayecheka, na mimi ndiye wa kumkatisha kicheko. Kila siku nafiwa upya mbele ya mtu nisiyemjua.

Niliipeleka kwa fundi wa simu. Akanieleza kwamba majina hayako kwenye laini, yako ndani ya simu, na akiifungua kwa nguvu itajifuta yote, picha na kila kitu. Akasema labda majina yalikuwa yanahifadhiwa mtandaoni. Akaniuliza, "Nyumbani una wifi?" Nikamwambia ninaye, ila hatuongei. Alicheka akashika meza. Kisha akaona mimi sicheki.

Simu sikumwachia. Nimenunua daftari kama lako. Kila anayepiga namuuliza jina na namna alivyojuana na Bomba, naandika. Nina mzee wa kisima chenye chura. Nina mama anayesema pampu yake inakohoa. Nina mtu aliyesema tu, "Mimi ni yule wa lile trekta," na nilipompa habari hakukata mpaka nilipokata mimi. Wengine wamekuja nyumbani. Jumapili iliyopita viti havikutosha, tukaazima kwa mwalimu.

Lakini yuko mmoja hasemi. Anapiga mchana, saa za kazi. Kwenye kioo haitokei namba, inaandika tu kwamba haijulikani. Nikisema haloo, pumzi zinasikika, na nyuma yake mlio kama wa gari linalorudi nyuma, tii, tii, tii. Halafu anakata. Roho yangu iko juu juu. Nadhani namjua. Zamani jina la Chiriku lilikuwa likitokea kwenye kioo, Bomba akiwa bafuni nikipokea mimi, na ilikuwa hivyohivyo, pumzi kisha kukatwa. Akitoka bafuni namwambia binti yako kapiga, naye anaichukua simu anatoka nje kuzungumza. Hakuwahi kuzungumza na mwanawe ndani ya nyumba hii. Mimi nami sikuuliza.

Wifi, huyu mtoto anajua? Kama hajui, nipe namba yake. Nitamwambia kwa utaratibu.

Wako,
mke wa Bomba


11 Aprili

Wifi,

Salamu kwako na kwa hao wa trekta na chura. Nimecheka, Mungu anisamehe, kisha nikalia juu ya sweta ya mtoto wa watu. Paka nimemwita Mpangaji. Huku mvua zimeanza, paa la kiwanda linavuja juu ya mashine ya mwenzangu, anafuma akiwa amefungua mwavuli.

Asante kwa habari ya shati.

Ndiye yeye. Anaendesha foko, yale magari ya kunyanyulia mizigo kwenye maghala, ule mlio ni wake. Lakini namba yake sikupi, na usinione roho mbaya. Alipoondoka alinishika mkono akaniambia, "Shangazi, hii ni yako na ya Baba tu, isifike kwa mwingine kwenye nyumba ile." Nikakubali. Kaburi la mama yake lilikuwa halijakauka udongo vizuri, ukaletwa wewe. Sisemi ulikosea. Nasema mtoto aliona hivyo, na mtu akikukabidhi namba yake kwa sharti, huwezi kuigawa kama njugu kwa sababu tu mwenye sharti hayuko mbele yako.

Kumwambia nitamwambia mimi. Wala si kwa simu. Habari ya baba haiingizwi sikioni mwa mtu akiwa amesimama katikati ya watu na mizigo. Nitapanda basi niende, nimshike. Jumamosi hii, au ile ya pili yake.

Wewe usimwambie neno. Akipiga, mwache apige.

Dada wa Bomba


Nyumbani, 24 Aprili

Wifi,

Hujambo? Mimi sijambo. Mwalimu amerudi kazini, mtoto analelewa na bibi yake. Hakuna jipya dobini.

Anapiga karibu kila wiki. Majuzi nilishindwa, nikasema, "Kama ni wewe Chiriku, sema." Ikakatika hapohapo, na tangu hapo kimya. Sasa naogopa nimemfukuza. Naibeba simu kwenye mfuko wa aproni, naenda nayo msalani, naiweka kando ya kichwa nikilala. Nimeunguza kola ya shati la mteja kwa sababu ilitetemeka nikadhani ni yeye. Alikuwa mtu wa tangi.

Kazi yangu kutwa ni kuandika namba za watu kwenye vikaratasi na kuvibana kwenye nguo zao, ili suruali ya mtu isimpotee. Halafu mtoto wa mume wangu ananipigia, na sina pa kumrudishia.

Jumamosi ile ulikwenda? Hukuniambia. Naelewa ahadi yako. Lakini kila akipiga na kunisikia mimi, anaamini mimi ndiye ninayemficha baba yake. Na kwa namna fulani ni kweli, namficha, kwa amri yako.

Nijibu upesi.

Mke wa Bomba


30 Mei

Wifi yangu,

Samahani kwa ukimya. Natumaini u mzima. Huku mashine yangu ilivunjika sindano zote za mstari wa mbele, tukangoja fundi, fundi akaja na sindano za mashine nyingine. Halafu nikaumwa mafua. Halafu Mpangaji akazaa. Kumbe ni jike, na wanawe wote wamechagua kapu langu la nyuzi.

Jumamosi ile sikwenda. Wala ya pili yake. Nilifunga mkoba, nikafika stendi, nikakata tiketi, na basi lilipoanza kupakia nikajikuta nimeshika tiketi mkononi na miguu haiendi. Unajua mimi sikumwona. Wewe ulimvisha shati. Mimi nilipewa karatasi kaunta ya posta. Kila nikijaribu kuyasema yale maneno, hata peke yangu jikoni, mdomo unakataa, kana kwamba nikiyasema mimi ndipo atakuwa amekufa kweli. Kwa barua naweza. Kwa barua naweza kusema chochote.

Barua yako ilinisukuma. Nilimpigia kwanza, nimwambie tu kwamba nakuja. Mashine ikajibu kwamba namba haipo. Si kwamba haipatikani. Haipo. Nikapanda basi siku ileile na nguo za kazi. Nilikwenda mpaka chumba alichopanga, nikamkuta mama mwenye nyumba anaanika. Akasema binti aliibiwa mkoba mwisho wa mwaka, simu na vitambulisho ndani yake, na mwezi wa pili akahamia karibu na kazini. Wapi, hajui. Nikazunguka maghala mpaka jioni. Kule ni ukuta baada ya ukuta, na kila geti lina mlinzi anayekuuliza unamtafuta wa kampuni gani. Sikujua kampuni. Daftari langu lina namba yake, safi, kwa penseli, sijawahi kuifuta. Ya mtu asiyekuwepo hapo.

Nimekuandikia namba hiyo nyuma ya karatasi hii. Haina faida, lakini nilikunyima wakati nikiamini ina faida, kwa hiyo ichukue. Hakuna tena cha kulinda. Simu ile usiizime, wifi. Usiache chaji iishe. Ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumpata.

Dada wa Bomba


Nyumbani, 16 Juni

Wifi yangu,

Hujambo, na wanao wa kapuni hawajambo? Mimi leo mzima kweli. Naandika nikiwa mezani kwangu, na siko peke yangu ndani ya nyumba, utaelewa mbele.

Alipiga Jumanne. Nilikuwa napiga pasi shuka za hoteli. Nilipoona kile kioo kimeandika kwamba haijulikani, niliegesha pasi, nikatoka nyuma kwenye kamba za kuanikia, ndipo nikapokea. Sikusema haloo.

Nikamwambia, "Usikate. Sikuulizi kitu. Shangazi yako anakutafuta, amefika mpaka chumba chako cha zamani na hakukukuta."

Pumzi. Ule mlio wa tii, tii. Kisha sauti, wifi, sauti nene kama ya baba yake. Katika miaka yote ya ndoa yangu ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

"Nipe namba yake. Ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa."

Nikamwambia sina.

"Namba ya Shangazi huna?"

"Sina. Ninalo sanduku lake la posta."

Nadhani alifikiri namdhihaki. Baadaye amenieleza kwamba tangu aibiwe, namba pekee aliyobaki nayo kichwani ni ya baba yake, kwa kuwa alifundishwa akiwa mdogo aikariri asije akapotea. Alikuwa anaomba simu ya mezani ya ghala wakati wa mapumziko, akitarajia baba apokee amwombe namba yako. Na kila mara napokea mimi.

Akasema, "Basi nipe Baba."

Uliniamuru nisimwambie kwa simu, akiwa amesimama katikati ya watu na mizigo. Nilikumbuka. Lakini ningemwambia nini, wifi? Yuko bafuni? Yuko visimani? Ningekuwa na namba yako ningemtuma kwako na kujinusuru. Sikuwa nayo. Nikakaa chini, palepale kwenye saruji yenye maji, nikamuuliza kama ana mahali pa kukaa. Akasema kwa ukali, "Kwa nini nikae?"

Nikamwambia, "Baba yako amefariki, mwanangu. Tangu Januari."

Sijui hilo neno mwanangu lilitoka wapi. Hakulia. Nilisikia kishindo kidogo, mkono wa simu umewekwa juu ya meza, haukukatwa. Nikabaki nasikiliza ghala lile. Watu wanaitana, mbao zinadondoshwa, mtu anacheka mbali. Mwishowe mwanamume akashika simu akauliza nani huyu. Nikamwambia mimi ni mke wa baba wa dereva wenu wa foko, na baba huyo amefariki, na namsihi asimwache aendeshe leo, amtafutie kiti na mtu wa kukaa naye. Akasema sawa, mama. Na nadhani alifanya, kwa sababu jioni Chiriku alipiga tena, kwa simu ya mwenzake, na namba yake ilitokea. Aliuliza tu, "Mmemlaza wapi?" Kisha akasema anakuja.

Alifika Jumamosi. Nilimwona kupitia dirishani amesimama nje ya kizingiti na begi dogo, kama mtu aliyekula kiapo cha kutokanyaga hapa, na ndivyo ilivyo. Sikumkaribisha ndani. Nilijifunga kanga, nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikamwambia twende kwanza kwa baba. Kule nilimwacha peke yake. Mimi nilikaa kwenye jiwe la mbali nikahesabu kunguru, na sikuwa na haraka. Wakati wa kurudi ndipo aliponiuliza habari za siku ile, nami nikamweleza kila kitu, pampu, ukingo, maji. Akauliza kama aliyapata yale maji. Nikamwambia hapana. Nilitaka kumdanganya, lakini nilishachoka kumficha vitu.

Tulipofika mlangoni akaniomba maji ya kunywa, akaingia kuyafuata.

Sikuwahi kujua kwa nini mlimwita Chiriku. Mimi sasa najua. Tangu hapo hajanyamaza. Anakasirika, anauliza, anasimulia ya mama yake, analia, anasimulia tena. Jana alinifokea kwa sababu nilitupa raba za baba yake zilizooza. Nikamfokea nami. Mwalimu alichungulia dirishani akadhani tunapigana. Baadaye tulikaa na daftari, mimi nikisoma na yeye akiingiza kwenye simu yake mpya, mpaka tukafika kwa mzee wa kisima chenye chura akauliza, nimwandike hivyo? Nikamwambia Bomba naye angemwandika hivyo. Daftari tumelibakisha palepale, kabatini. Simu ikiibiwa, watu wasiibiwe nayo.

Laini ya baba yake ameihamishia kwenye simu yake. Nilimpa mwenyewe. Ile simu ya zamani tumeizima, haikufunguliwa, na tumekubaliana isifunguliwe kwa nguvu. Amepewa ruhusa ya wiki mbili kazini. Hajasema kama atarudi kulala hapa baada ya hapo, nami simuulizi.

Namba yako siombi tena. Naomba uje.

Mke wa Bomba


27 Juni

Wifi yangu,

Salamu kwako, na kwa mwanetu. Mimi mzima. Wana wa Mpangaji nimewagawa, isipokuwa mmoja aliyekataa kutoka kapuni. Sweta za shule zimekwisha, tumeanza soksi.

Barua yako nimeisoma kiwandani, mashine zote zikiwaka, na nilishukuru kelele zile, kwa sababu niliweza kulia kwa sauti na hakuna aliyegeuka. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka kwenye yale maneno ya kiti. Umemwambia vizuri kuliko ambavyo ningemwambia mimi. Mimi ningefika, ningemshika, na ningesema habari ya joto na mvua mpaka basi la kurudi liondoke.

Nadhani mwanetu ameshakueleza yaliyotokea jana, lakini nataka kukuandikia mwenyewe. Nilitoka kazini nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Nikaibonyeza namba ya kaka kwa mkono, tarakimu moja moja. Nilijua kabisa atapokea nani. Umenieleza kwa maandishi yako, laini iko kwake. Na bado ilipoacha kuita, ikasikika sauti ile nene ikisema haloo, nilisahau yote. Nikauliza, kama nilivyokuwa nikiuliza kila mara:

"Bomba yupo?"

Ndipo nikasikia nilichouliza. Nikataka kukata. Kidole kilikuwa tayari.

Akasema, "Hayupo, Shangazi. Tupo sisi."

Kisha akaita ndani, "Mama mdogo, njoo, ni Shangazi," nikazisikia kandambili zako zikija mbio. Hatukuzungumza sana mimi na wewe, najua. Uliniuliza nimekula, nikakuuliza umekula. Lakini nilipokata ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimesimama.

Nitapanda basi la Alhamisi asubuhi, Ijumaa nitakuwa hapo. Msinipikie kabla sijafika kwake. Nipelekeni kwanza.

Wifi yako